Siku nane kwa Shiva na shemejiye

Nimekuja Chennai, kusini mwa India, kumuuguza mama mdogo. Upasuaji wa moyo umekwenda salama, alhamdulillahi, na daktari anataka apumzike wiki mbili kabla ya kumpima tena. Juzi dada yangu kaingia kutoka Tanga kunipokea zamu, na mama mdogo mwenyewe akanitoa chumbani: "Nenda ukaione nchi ya watu, uje utuhadithie." Nimechukua begi la mgongoni na daftari hili.

Ninachokwenda kukitazama nimekiona tangu utoto. Duka la jirani yetu Mhindi lilikuwa na picha juu ya sanduku la pesa: mwanamke wa mikono minne amesimama juu ya yungiyungi, sarafu zinamwagika kiganjani mwake. Kila tulipotumwa mafuta ya taa tulimkodolea macho, na hatukuwahi kuuliza ni nani. Ukubwani nikasoma sentensi moja kitabuni juu ya miungu wa Wahindu: Brahma huumba, Vishnu hulinda, Shiva huangamiza. Nikaikariri. Yule mwanamke hakuwemo.

Siku ya kwanza, Mylapore

Nimeamka kabla ya alfajiri kwa sauti ya mafagio. Huu ni mwezi wao wa Margazhi, unaoanza katikati ya Desemba na kwisha katikati ya Januari, na mtaa mzima wanawake wako nje wanaosha vizingiti. Mwenye nyumba ya wageni ameshika konzi ya unga wa mchele. Anauachia kidogo kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada: kwanza nukta, safu kwa safu, halafu mstari mmoja unaozipitia nukta zote na kurudi ulikoanzia, mkono hautetemeki hata mara moja. Chora hilo huliita kolam. Nikamuuliza anamchorea nani.

"Lakshmi. Haingii nyumba yenye mlango mchafu."

Akanionyesha kalenda ukutani, na moyo ukanipiga. Ni yule yule wa dukani! Lakshmi, mke wa Vishnu, mwenye mali, nafaka na heri ya nyumba. Karibu miaka arobaini namjua kwa sura, jina nalipata leo mlangoni kwa mtu. Kufika saa tatu sisimizi walishaanza kuubeba unga, na mama huyu anafurahi. Anasema na wao ni wageni wa asubuhi.

Pembeni mwa mtaa, chini ya mti, pana kibanda kisichozidi ukubwa wa kabati. Ndani yake kakaa Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, ambaye Watamil humwita Pillaiyar: neno la mtoto lililotiwa kiishio cha heshima. Dereva wa bajaji akasimamisha gari, akajigonga vipaji kwa ngumi mbili, akapishanisha mikono kushika masikio yake, akachuchumaa na kuinuka mara tatu, kisha akaendelea na safari na abiria wake. Ganesha ndiye anayeondoa vikwazo, kwa hiyo hutangulizwa katika kila jambo: harusi, mtihani, safari, daftari jipya la biashara. Husimuliwa kwamba mama yake, Parvati, alimfinyanga kwa manjano aliyojisugua mwilini, akamweka mlangoni alinde wakati yeye anaoga. Shiva akarudi nyumbani, mtoto akamzuia, na baba asiyemjua mwanawe akamkata kichwa. Kilio cha Parvati ndicho kilichomtuma Shiva kutafuta kichwa kingine, na cha kwanza kupatikana kikawa cha tembo.

Jioni nimekwenda hekalu la Kapaleeshwarar, la Shiva. Jina la Mylapore linatokana na tausi, kwa sababu inaaminika hapa Parvati alimwabudu mumewe akiwa katika umbo la tausi. Kilichonishika ni harufu. Wanachoma karafuumaiti. Kwetu harufu hiyo ni ya kuoshea maiti, na nilipoisikia miguu ilisita yenyewe. Hapa watu wanapitisha viganja juu ya mwali wake na kujipaka usoni. Wanasema huungua mpaka mwisho bila kuacha jivu, na mja naye anaomba nafsi yake iishe hivyo mbele ya Mungu.

Siku ya pili, Mahabalipuram

Basi la pwani, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Wafalme wa Pallava walichonga mji huu katika mwamba mnamo karne ya 7 na ya 8. Watu wengi huishia kwenye hekalu la ufukweni. Mimi nimepanda kilima cha mnara wa taa na kubaki pangoni nusu ya siku.

Ni pango dogo, limekatwa mwambani. Ukutani kulia yupo Durga juu ya simba, mikono minane, kavuta upinde. Mbele yake ni Mahisha, jini mwenye kichwa cha nyati, mwili wa mtu, rungu mkononi. Miungu wote walikuwa wameshindwa naye kwa sababu alikuwa amejipatia ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayemuua. Mwanamke hata hakumfikiria. Kila mungu akampa Durga silaha yake: Shiva mkuki wa ncha tatu, Vishnu gurudumu. Ukisogea karibu, utaona mchongaji alivyoyasema yote kwa miili. Durga kaegemea mbele kidogo, uso umetulia kabisa. Jini ni mkubwa kuliko yeye, lakini uzito wake umeshahamia mguu wa nyuma. Bado hajachomwa hata mshale na tayari kaanza kurudi.

Ukigeuka, ukutani kushoto, Vishnu amelala juu ya nyoka Shesha. Majini wawili wamesimama miguuni pake, wamekuja kumdhuru, naye amelala kwa namna ambayo hata mimi nilishusha sauti. Vita ukuta mmoja, usingizi ukuta wa pili, na katikati hatua chache tu. Nimesimama hapo nikageuka na kugeuka mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Siku ya tatu, Kanchipuram

Mji wa hariri na mahekalu. Nimeingia mengi na sitaandika juu ya yote, miguu inaniuma. Moja tu: Ulagalanda Perumal, maana yake Bwana aliyeupima ulimwengu. Vishnu hushuka duniani kila uovu unapozidi, na kushuka huko ndiko kunakoitwa avatari. Hesabu ya kawaida ni kumi: samaki, kasa, nguruwe dume, mtu-simba, mbilikimo, Parashurama mwenye shoka, Rama, Krishna, na Kalki ambaye hajaja bado. Aliyebaki katika hesabu hiyo, wengi wa huku kusini humtaja Balarama, kaka yake Krishna, na wengine humtaja Buddha.

Hapa ni yule mbilikimo. Alimwendea mfalme Bali akaomba ardhi ya hatua tatu tu. Mfalme akakubali. Mbilikimo akakua. Hatua ya kwanza ikameza dunia, ya pili mbingu, na ya tatu haikuwa na pa kukanyaga, ndipo Bali akainamisha kichwa chake mwenyewe ili ahadi isivunjike. Sanamu ni nyeusi, karibu mita 10 kwenda juu, mguu mmoja umenyooka hewani. Kuhani aliinua taa kwenye mti mrefu ili tuone uso. Nilimhurumia Bali na kumheshimu zaidi ya mshindi wake. Kuhani akaniambia si mimi peke yangu. Jimbo la jirani, Kerala, watu humsubiri Bali arudi kuwaamkia kila mwaka, na hiyo ndiyo sikukuu yao ya Onam.

Siku ya nne, treni ya Chidambaram

Behewa limejaa wanaume waliovaa nyeusi, miguu peku, shanga shingoni. Ni mahujaji wa mungu Ayyappan wanaoelekea hekalu lake la Sabarimala baada ya siku 41 za kujizuia nyama, pombe na unyumba. Mkabala nami amekaa mwalimu mstaafu, bibi wa makamo ya mama mdogo, anamenya machungwa na kutugawia. Nilimwambia na mimi ni mwalimu, wa historia, akaanza kunisomesha papo hapo.

Nikamwuliza Vishnu, ambaye wao humwita Perumal, ana uhusiano gani na Murugan, mungu kijana mwenye mkuki ambaye picha yake iko kila basi. Akajibu: "Perumal ni mama yake."

Nikafunga daftari. Mama wa Murugan ni Parvati, hilo nilikuwa nimeshalielewa! Tukahangaika hapo hadi stesheni iliyofuata, ndipo tukagundua kwamba kwa Kitamil "mama" ni kaka wa mama. Vishnu ni mjomba! Parvati ni dada yake, kwa hiyo Shiva ni shemeji yake, na Ganesha na Murugan ni wapwa zake. Akaendelea kunieleza kazi za mjomba kwao: mtoto hutobolewa masikio akiwa amepakatwa na mjomba, na mjomba hakosekani kwenye harusi. Kwetu husema mjomba ni mama wa kiume. Nilipomwambia hivyo alipiga makofi.

Halafu akawanyooshea kidole wale mahujaji. Wakati mmoja Vishnu alijigeuza mwanamke mzuri, Mohini, Shiva akampenda, akazaliwa Ayyappan. "Kwa hiyo huyu naye," akasema, "Perumal ni mama yake kweli. Mama wa kwenu."

Tangu hapo nimeacha kuwauliza watu "kazi yake nini." Nauliza "ni nani wake nani," na majibu yanakuja marefu, na kazi zenyewe zinajitokeza humo humo.

Chidambaram ni nyumba ya Nataraja, Shiva anayecheza. Nimesimama nje ya ukumbi wenye paa la dhahabu, katikati ya umati. Mkono wa juu kulia kashika kigoma kidogo, na mdundo wake ndio unaoanzisha ulimwengu. Wa juu kushoto kashika moto, wa kuumaliza. Wa chini kulia umefunguka: usiogope. Wa nne unaonyesha mguu ulioinuliwa, kimbilio la waja. Mguu wa pili umemkanyaga Muyalakan, kibeti wa ujinga. Hafi, anazuiwa tu asiinuke. Sentensi yangu ya kitabuni ilimpa Shiva kuangamiza peke yake, na hapa mikono minne inafanya yote kwa mpigo. Bibi wa treni alikuwa amenituma niangalie masikio, na nikayaona kwenye sanamu ya shaba ya dukani nje: sikio la kulia lina hereni ya kiume, la kushoto ya kike. Mke yumo ndani ya ngoma.

Pembeni ya Nataraja kuna pazia. Kuhani hulivuta, taa huinuliwa, na nyuma yake hakuna sanamu yoyote. Zinaning'inia nyuzi za majani ya dhahabu tu, na uwazi. Hiyo ndiyo siri ya Chidambaram, Shiva akiwa anga tupu. Mimi Mwislamu, niliyefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu hana mfano, nilitazama uwazi ule kwa muda mrefu kuliko sanamu zote. Na hatua chache kutoka hapo, ndani ya hekalu hilo hilo, Vishnu amelala juu ya nyoka wake. Kuna mahali ukisimama unawaona wote wawili, shemeji anacheza na shemeji amepumzika.

Siku ya tano, Swamimalai

Kijiji cha wachonga miungu wa shaba, karibu na Kumbakonam. Fundi alinikaribisha kwenye mkeka. Kipimo chake cha kwanza ni ukuti wa mnazi: huukata urefu wa sanamu itakayokuwa, kisha huukunja na kuukunja tena, na kila kunjo ni kipimo cha uso, kifua, paja. Halafu hutengeneza mwili kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa mti. Nta hupakwa udongo mwororo wa mto Kaveri, tabaka baada ya tabaka, hukaushwa, hufungwa waya, huchomwa. Nta huyeyuka ikamwagika na kuacha nafasi yenye umbo lake, na humo humiminwa shaba na madini mengine, pamoja na dhahabu na fedha kidogo. Wakati wa kumimina, aliyekuwa anazungumza alinyamaza. Udongo ukipoa huvunjwa, kwa hiyo kila sanamu ni moja tu duniani. Macho hufunguliwa mwisho kabisa, kwa ibada. Kabla ya hapo, aliniambia, hiki ni chuma tu, unaweza kukiruka.

Juu ya ngazi 60 za kijiji hiki kuna hekalu la Murugan, na hapa ni mwalimu. Husimuliwa kwamba Brahma alishindwa kumweleza maana ya neno takatifu Om, Murugan akamfunga. Shiva akaja kumwombea, naye akakiri kwamba angependa kufundishwa. Mtoto akakubali kwa sharti baba akae chini kama mwanafunzi. Shiva akakaa, na mwana akamnong'oneza sikioni. Murugan ndiye jemadari wa miungu, lakini Watamil wanampenda kwa mengine: kwa kumwoa Valli, binti wa wawindaji, na kwa hasira yake. Yeye na Ganesha walishindania tunda, atakayeizunguka dunia kwanza alipate. Murugan akapanda tausi wake akaondoka. Ganesha mnene akawazunguka baba na mama, akasema dunia yangu ni hii. Akapewa. Murugan aliporudi alisusa, akahamia kilima cha Palani, na mpaka leo yuko huko. Nani asiyemjua ndugu wa namna hii katika ukoo wake?

Siku ya sita, Thanjavur

Hekalu kuu la mfalme Rajaraja Chola lilikamilika mwaka 1010, mnara wake unapita mita 60, wote wa mawe. Mwalimu wa historia ndani yangu aliinama kwenye maandishi ya kutani: yameorodheshwa majina ya wanawake 400 wa ngoma waliohamishiwa hapa, pamoja na mtaa na nyumba ya kila mmoja.

Nilikuwa namtafuta Brahma. Katika mahekalu ya Shiva ya huku yupo, kwenye kidaka cha ukuta wa kaskazini, na watu wengi wanapita. Ukuta wa nyuma husimulia sababu. Brahma na Vishnu walibishana nani mkubwa, Shiva akatokea kama nguzo ya moto isiyo na mwanzo wala mwisho. Vishnu akawa nguruwe akachimba kwenda chini, akarudi akakiri ameshindwa. Brahma akawa bata-maji akaruka juu, naye hakufika, ila njiani aliliona ua la ketaki likianguka, akaliomba limshuhudie kwamba amefika kileleni. Uongo ukajulikana. Brahma akakoseshwa ibada, na ua likapigwa marufuku kwa Shiva. Nikauliza ketaki ni ua gani. Nilipoonyeshwa picha nikacheka kwa furaha: ni wa jamii ya mkadi wetu, huu unaotiwa kwenye vikuba!

Mkewe Brahma, Saraswati, yeye hana adhabu. Ni wa elimu na muziki, na zana yake ni kinanda cha nyuzi, vina. Mafundi wa mji huu huvichonga kwa mti wa mfenesi. Siku yake, kwenye sikukuu ya Navaratri, wanafunzi humwekea vitabu vyao na hawavifungui mpaka kesho yake.

Siku ya saba, Srirangam

Kisiwa katikati ya Kaveri, kuta saba moja ndani ya nyingine, na kati yake maduka, nyumba, shule. Ndani kabisa amelala Vishnu, na asiye Mhindu hafiki huko. Nimekaa nje nikala wali wa mtindi na kusikiliza.

Wanasema sanamu hii ilikuwa inapelekwa Lanka na mfalme wa huko, Vibhishana, akakatazwa kuiweka chini njiani. Akataka kuoga mtoni. Akamwona mtoto mchunga ng'ombe, akampa aishike. Mtoto akaiweka chini, na ikagandia hapo milele. Vibhishana akamkimbiza mtoto hadi juu ya mwamba wa Tiruchirappalli, akampiga kwenye paji, na mtoto akajidhihirisha: Ganesha. Asubuhi nilipanda ngazi zaidi ya 400 za mwamba huo, na kutoka juu nikaiona Srirangam yote. Mpwa alihakikisha mjomba habebwi.

Lakshmi wa hapa huitwa Ranganayaki, na hatoki nje ya kizingiti chake hata siku za maandamano. Mume ndiye humfuata. Mara moja kwa mwaka Vishnu huenda kumtembelea mke mwingine aliyeko Uraiyur. Akirudi, anakuta mlango umefungwa. Makuhani husema maneno ya pande zote mbili, mume anajitetea, mke hataki, mpaka mtakatifu Nammalvar aingilie kusuluhisha. Yule mwanamke mpole wa juu ya sanduku la pesa!

Siku ya nane, Madurai

Hapa ni nyumbani kwa Meenakshi, mwenye macho ya umbo la samaki. Ni Parvati aliyezaliwa binti wa mfalme wa Pandya, akiwa na matiti matatu, na ikatabiriwa la tatu litatoweka siku atakapomwona mume wake. Akatawazwa, akashinda wafalme wa pande zote, akaenda hadi mlima Kailasa, makao ya miungu, kumpiga Shiva mwenyewe. Alipomwona, titi likatoweka, silaha zikamlegea mkononi. Shiva ndiye aliyehamia kwa mkewe. Mpaka leo watu wa Madurai humsalimu Meenakshi kwanza, mume baadaye.

Kwenye nguzo moja ya jiwe nimeiona harusi. Meenakshi katikati, kainamisha uso. Shiva kulia, mkono umepokea. Na kushoto, anayeutoa mkono wa bibi harusi, ni kaka yake Vishnu. Nilijikuta nimesema kwa sauti: mjomba. Mama mmoja akageuka, akatabasamu. Sijui alisikia nini.

Nje ya lango la mashariki nimenunua asumini. Muuzaji hupima uzi wa maua kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, dhiraa kamili, kama bibi yangu alivyopima ukili wa mikeka. Nikachukua dhiraa mbili.

Karibu saa tatu na nusu usiku ngoma zikaanza na zumari ndefu ikalia. Kila usiku Shiva hutolewa chumbani kwake akapelekwa kulala kwa mkewe. Zinazobebwa ni nyayo zake, ndani ya kiti cha fedha chenye mapazia. Kiti kimepita mbele yangu kwa kasi, moshi wa ubani ukifuatia, wanaume wanapepea, na watu tuliobaki ukumbini hatukuzidi hamsini. Mlango wa Meenakshi ukafunguka, wakaingia, tukaachwa nje wote, Wahindu na mimi. Ndani wakaimba kidogo. Halafu taa zikazimwa moja moja, na mlinzi akaja anatikisa funguo.

Treni ya Chennai ni saa tano kasoro. Asumini nimeyafunga kwenye jani la mgomba lenye maji maji, yafike kwa mama mdogo bado yananukia.